Bajabulile Majozi na Mtoto Aliyepimwa Akiwa na Msiba

Bajabulile Khombaphi Majozi ni binti wa Mfulathelwa, na Mfulathelwa ni mtoto wa MaNgcobo, yule aliyejitwika mabati ya shule kichwani akavuka nayo mto Thukela. Serikali ya wakati ule ilisema watu wa Mbodiya, kijiji chetu, wakitaka shule wajenge kuta wenyewe, nayo italeta bati. Kuta zikajengwa. Bati likaja, likashushwa ng'ambo ya mto, na dereva akasema gari lake haliingii majini. MaNgcobo akamwambia, "Basi kaa na gari lako, baba, mimi miguu yangu haina injini ya kulowana." Akajitwika, wanawake wenzake wakamfuata. Huyo ni mama yangu mzazi. Chini ya mabati hayo mimi nilisoma mpaka darasa la sita, na mvua ikinyesha mwalimu alikuwa akipiga kelele nasi hatusikii kitu.

Mfulathelwa, kaka yangu, alikwenda migodini akiwa kijana. Kule walikuwa na mtihani wa kuchagua watu. Unakalishwa mezani, unamwagiwa nati na skrubu mbele yako, na filimbi ikilia unaanza kuzifunga. Ukifunga nyingi unapewa kazi yenye nafuu, ukifunga chache unapewa sepetu. Kaka yangu mikono yake ilikuwa myepesi, aliwahi kutengeneza gurudumu la toroli kwa waya na ngozi. Lakini pembeni yake alikaa mzee wa watu, mikono inatetemeka, nati zinamdondoka. Kaka akainama kuziokota, akampangia, akamwonyesha namna ya kushika. Filimbi ikalia mara ya pili. Mzee akaenda kufanya kazi juu, kwenye jua. Kaka yangu akapewa sepetu akashuka nayo chini, na huko chini ndiko alikoyaacha mapafu yake. Kwenye karatasi yake waliandika kwamba ni mzito wa kuelewa.

Mzito wa kuelewa! Mpaka leo nikilikumbuka neno lile natamani nimpate aliyeliandika.

Nimeanza huko kwa sababu watu wanasema Bajabulile ana hasira bila sababu. Anazo, nazo amezirithi kwa haki.

Alianza kazi akiwa mwalimu wa darasa la kwanza, shule ileile, mabati yaleyale. Darasa lilikuwa limejaa mpaka watoto wengine wanakaa kwenye kizingiti. Alikuta desturi moja pale: mtoto asiyejua kusoma anahamishiwa safu ya nyuma, na safu hiyo walimu waliiita safu ya mawe. Siku ya kwanza tu akamuuliza mwalimu mkuu, "Jiwe nikilifinya linalia?"

"Halilii."

"Hawa nimewakuta wanalia. Basi si mawe."

Mwalimu mkuu akacheka. "Wewe Majozi una mdomo kama bibi yako."

Akaanza kuwachunguza mmoja mmoja. Mmoja alikuwa hasikii sikio la kushoto, naye amekalishwa upande wa kulia wa darasa tangu afike. Mwingine haoni ubao. Mwingine alikuwa akija shuleni na maji tu tumboni, saa nne akili inazimika. Akawa anarudi nyumbani anaweka sahani ya ugali wa chenga na maziwa mgando mbele yake na hali. "Shangazi," ananiambia, "kumbe kuna watu wanasomea jambo hili. Inaitwa saikolojia ya elimu. Unajifunza jinsi mtoto anavyojifunza, na kinachomzuia."

Nikamwambia, "Kama inasomewa, kasome."

Mnasikia watu wanasema "kasome" kama vile ni kwenda dukani. Alisoma shahada ya kwanza kwa posta, huku anafundisha. Akaongeza mwaka mwingine wa shahada juu ya ile. Halafu akaomba nafasi ya shahada ya uzamili kwenye chuo kimoja ambacho sitakitaja, nisije nikakitukana. Nafasi zilikuwa chache, waombaji wamejaa ukumbi mzima. Akaingia mbele ya jopo la watu wanne, na mmoja, mama aliyevaa miwani kwenye mnyororo, akamwuliza, "Bibie, mbona usibaki tu kuwa mwalimu? Watoto wa huko kwenu si wanahitaji walimu?"

Akajibu, "Walimu wanao. Wanachokosa ni mtu wa kumwambia mwalimu kwamba mtoto si jiwe."

Hawakumchukua. Mwaka uliofuata hawakumchukua tena. Mwaka wa tatu yule mama wa miwani akamwona anaingia, akaguna, akasema, "Wewe tena?" Naye akasema, "Mimi tena, na mwakani pia, na ule mwingine. Heri mnichukue mpumzike." Wakamchukua.

Nilimwona akikonda kwa vitabu. Alinieleza hatua zake nikazishika: unakaa darasani, unaandika tasnifu, kisha unafanya mwaka wa mazoezi chini ya msimamizi mwenye leseni, kisha unafanya mtihani wa bodi. Ukikwama kwa msimamizi, umekwama pote. Yeye mwaka wake wa mazoezi akapangiwa ofisi ya elimu ya wilaya yetu. Tulifurahi. Tulidhani amerudi nyumbani.

Msimamizi wake aliitwa Bwana Sithebe. Si mtu wa mbali, ni Mzulu mwenzetu, amezaliwa mjini lakini mama yake ni wa bonde la jirani. Mwanamume mkubwa, sauti kama ya mchungaji anayehubiri uwanjani, tai shingoni hata kwenye joto la Januari. Shule za wilaya nzima zilikuwa zinamwita yeye peke yake. Meza yake imejaa mafaili mpaka anazungumza na watu akiwa amesimama. Simwiti mtu mbaya. Nasema alikuwa mtu aliyechoka, na mtu aliyechoka mwenye muhuri mkononi namwogopa kuliko mwizi.

Mwezi wa kumi Bwana Sithebe akamkabidhi Bajabulile majibu ya mtoto aliyekwisha kupimwa, amwandikie ripoti ya mwisho. Mtoto msichana, miaka minane. Majibu yalionyesha kwamba hakusema karibu neno lolote. Vitofali vya mbao vya rangi alivyopewa alivigusa polepole mpaka saa ikaisha. Alipoambiwa ampe mpimaji kadi, hakumpa. Hakumtazama mtu usoni. Alama zilikuwa chini kabisa. Pendekezo: ahamishiwe Januari kwenye shule ya bweni ya watoto wenye ulemavu wa akili, ile ya ng'ambo ya mlima.

Nieleweni vizuri hapa. Shule ile ina watoto wanaostahili kuwa pale, na baadhi ya walimu wake ni watu wa Mungu. Lakini hawafundishi kusoma. Wanafundisha kufagia, kufua, kufuma. Na aliyeingia pale hatoki mpaka awe mtu mzima, kwa sababu hakuna anayefungua faili lake tena. Januari ilikuwa ni baada ya Krismasi tu.

Jina la mtoto lilikuwa Lethiwe. Mjukuu wa MaZondi, jirani yetu, nyumba iliyo chini kidogo ya kwetu. Bajabulile alimjua mtoto yule tangu akiwa mgongoni. Alikuwa na mdomo! Alikuwa akimsimamisha mtu njiani kumuuliza kwa nini mbuzi wana ndevu na kondoo hawana.

Lakini mwezi wa nane baba yake Lethiwe alikuwa amekufa, gari lilipinduka akitoka kazini. Mama yake akavaa nguo nyeusi, na watoto wakabandikwa kile kitambaa cheusi begani kwa pini, kwenye sweta la shule. Nyumba ikaingia msibani kwa mwaka mzima. Hakuna redio, hakuna kicheko cha mlangoni, hakuna kupaza sauti. Mwenye msiba anakaa karibu na mlango, macho chini. Kitu hakupi mkononi, anakiweka chini wewe ukiokote. Nani kati yetu hajui hayo?

Bajabulile hakusema kitu ofisini. Alikuja nyumbani Jumamosi, akachukua ndoo, tukaenda bombani pamoja. Pale tukamkuta MaZondi anahadithia, na wanawake wamemzunguka.

"Nyie, mngemwona Lethiwe wangu! Watu wa ofisini wamekuja shuleni na mabegi, nami nimeitwa nikae naye, na saa wameweka mezani, huyu anauliza hiki, huyu anauliza kile. Mtoto macho chini, kimya kama yuko kanisani! Wanamwambia lete hapa mkononi, anaweka chini, taratibu. Nilivimba kwa sifa mpaka kilemba kikanibana."

"Mjukuu wangu angekwishawaomba peremende," akasema mmoja.

"Wa kwangu angewaibia ile saa," akasema mwingine, wakacheka, kisha wakaziba midomo kwa sababu ya msiba wa MaZondi.

MaSokhela, anayekaa juu kule kwenye mikaratusi, akasema, "Hata Mandlakayise wangu alinyamaza hivyohivyo siku yake ya kupimwa. Naye alikuwa na kitambaa, ule mwaka wa baba yake. Wakamsifu sana."

Nilimtazama Bajabulile. Uso ulikuwa umebadilika rangi kama majivu. Mandlakayise alikwenda ile shule ya ng'ambo ya mlima akiwa na miaka tisa, akarudi ndevu zimeota. Anajua kupiga deki. Asubuhi anapiga deki ua wa udongo kwa maji, mama yake anamtazama tu.

Bajabulile hakuweza kusema mambo ya ofisi mbele ya watu. Akajitwika ndoo ya MaZondi juu ya kichwa chake mwenyewe, ya kwake akaniachia mimi, akasema, "Bibi, nakusindikiza." Tulipofika kwake, mlango ukafungwa, akauliza:

"Nani alimwambia Lethiwe anyamaze?"

"Mimi! Nani mwingine? Baba yake hata majani hayajaota juu yake. Nilimwambia, wanakuja wageni wakubwa, usije ukapayuka ukasema tuna mtoto asiye na adabu."

"Na wale wa ofisini uliwaambia kwamba ana msiba?"

MaZondi akamtazama kama amemwuliza jina la jua. "Niwaambie? Kitambaa si kiko begani? Na mmoja ni Sithebe, ni Mzulu. Mzulu mwenzangu nimfundishe maana ya kitambaa cheusi? Angeniona sina akili."

"Naye hakukuuliza?"

"Aniulize nini? Mgeni anaulizaje habari ya kaburi mara ya kwanza mnaonana? Alikuwa na adabu zake, nilimsifu kwa hilo."

Ndipo Bajabulile alipomwambia kilichoandikwa. Alimwambia yote, neno kwa neno, maana ni haki ya mlezi kujua. MaZondi alikaa chini sakafuni polepole, miguu imenyooka mbele. Hakulia. Alisema, "Nimempeleka mwenyewe." Kisha akasema tena, "Nimempeleka mwenyewe kwa mkono wangu." Nyuma ya mlango wa chumba, mkwewe mwenye nguo nyeusi alikuwa amesikia kila kitu, nasi tukamsikia akipumua.

Kilichonichoma ni hiki. Wote walifanya adabu. Mtoto alifanya adabu, bibi alifanya adabu, na yule bwana aliyeona kitambaa akanyamaza, naye alifanya adabu. Na adabu zote hizo zikarundikwa kwenye karatasi zikaitwa upungufu wa akili.

Jumatatu Bajabulile akaingia ofisini kwa Bwana Sithebe, akaweka faili juu ya meza, juu ya mafaili mengine. Aliniambia baadaye yote waliyosemezana.

"Hii ripoti siandiki."

"Majozi, kuna zingine kumi na tisa nyuma yake."

"Mtoto ana msiba, baba. Uliona kitambaa."

"Niliona."

"Ukajua?"

"Mama yangu alivaa nyeusi mwaka mzima. Najua. Lakini kitabu cha kipimo hakina ukurasa wa msiba. Ningeweka alama ya kukisia? Bodi ingeninyang'anya leseni."

"Ungeacha kumpima. Ungerudi wakivua nyeusi."

"Wanavua mwezi wa nane. Nafasi ya bweni ni Januari. Shule yake imesema haiwezi kumshika mwaka mwingine. Na kipimo chenyewe hakirudiwi kabla ya mwaka, unalijua sharti hilo, tumelifundishwa wote."

"Basi acha kitabu, mtazame mtoto."

Bwana Sithebe akapandisha sauti mpaka makarani wakainua vichwa. "Wewe ni mwanafunzi! Daftari lako la mazoezi nalisaini mimi! Ukishindwa kuandika ripoti, nitaandika kwamba umeshindwa kazi, na miaka yako yote hiyo utaifunga kwa kamba uiweke darini!"

Bajabulile akamwambia, na hapa ndipo nilipojua kwamba MaNgcobo hajafa: "Andika. Lakini kabla hujaandika, njoo nyumbani kwao siku moja. Ukitoka pale bado unasema mtoto hana akili, ripoti nitaiandika mimi kwa mkono wangu, na daftari langu usisaini."

Aliweka miaka yake yote mezani, mnaelewa? Ualimu alikuwa ameacha. Mshahara hakuwa nao. Nilimgombeza, nikamwambia, "Mtoto si wako." Akanitazama, akasema, "Shangazi, baba yangu angemwacha mzee wa watu aokote nati zake mwenyewe, leo angekuwa hai. Je, ungempenda?" Nikamkaangia mayai.

Siku hiyo ikafika. Bajabulile alitangulia pamoja nami. Hakuweka meza. Alikaa chini kwenye mkeka karibu na mlango, akamwacha Lethiwe akae anapokaa siku zote. Saa hakuitoa kabisa. Vitofali vyake vilikuwa vyake mwenyewe, alivichongesha na kuvipaka rangi, si vile vya ofisi. Alinieleza kwamba ipo njia ya namna hiyo na imo vitabuni: humpimi mtoto anachojua leo tu, unamfundisha kidogo, kisha unaangalia anachukua nini kutoka kwako na kwa wepesi gani. Inachukua muda mrefu, ndiyo maana ofisi haziipendi.

Bwana Sithebe akaingia na viatu vyake na sauti yake. "Habari za nyumba hii! Mko wapi!"

MaZondi hakuinuka. "Punguza sauti, mwanangu. Nyumba ina msiba. Na viatu viache hapo."

Mtu mzima yule, mwenye muhuri, akasimama mlangoni, akatazama viatu vyake. Akavivua. Soksi moja ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba. Akakaa mkekani kwa shida, magoti yanalia, tai imelala juu ya tumbo. Na sauti iliyomtoka mara ya pili ilikuwa ya mtoto wa mama aliyevaa nyeusi. "Nisameheni," akasema. "Poleni kwa msiba."

"Tumeshapoa," akasema MaZondi, ingawa si kweli.

Bajabulile akapanga vitofali chini, akanong'ona. Lethiwe akavitazama. Akapanga mfano wa kwanza akakosea kona moja. Bajabulile hakumwambia amekosea. Alipanga mwingine, akamwonyesha namna mistari miwili inavyokutana. Mtoto akarudi kwenye ule wa kwanza akaurekebisha bila kuambiwa. Kisha ukaja mgumu. Kisha mgumu zaidi, ule ambao, Bajabulile aliniambia, watoto wengi wa miaka kumi huuacha. Lethiwe akaupanga, akaweka mikono mapajani. Halafu akamwinamia bibi yake sikioni akanong'ona, na MaZondi akatwambia:

"Anasema kitofali kimoja kimepakwa vibaya. Upande wa chini."

Bajabulile akakigeuza. Ni kweli, rangi ilikuwa imepitiliza.

Bwana Sithebe akaegemea mbele. Akauliza kwa sauti ya chini, kwa heshima, kama anavyouliza mtu aliyealikwa: "Mwanangu, siku ile nilipokuja shuleni, maswali yangu ulikuwa unayajua?"

Lethiwe akamtazama bibi. MaZondi akafumba macho, kisha akasema, "Mjibu. Baba yako atakusamehe, nami nitamwambia."

Mtoto akasema, akiwa anatazama mkeka, "Niliyajua. Uliniuliza siku za juma. Ukaniuliza moto unafanya nini. Ukauliza kwa nini watu wana mapolisi. Na ulikuwa unapayuka, na mimi nina msiba. Nikaona nikijibu utapayuka zaidi."

Nilitaka kucheka, nikaona MaZondi hacheki, nikameza.

Bwana Sithebe alifuta pendekezo lake palepale, akaandika Lethiwe abaki shuleni kwake, apimwe upya baada ya kuvua. Akasaini. Tulikuwa tumeanza kupumua, pale MaSokhela alipotokea mlangoni. Hakuitwa. Habari zilikuwa zimepanda mpaka kwenye mikaratusi. Hakuvuka kizingiti.

"Na wangu?" akasema.

Bwana Sithebe akajua ni nani. Akajifuta uso. "Mama, faili la Mandlakayise limefungwa. Ni mtu mzima sasa. Sina cha kufanya."

"Nilimfunga kile kitambaa mimi. Nilimwambia anyamaze mimi. Nawe ukaja, baba, ukanywa chai yangu."

Bajabulile alisimama, akatoka nje, akapiga teke ile ndoo tupu ikabingirika mpaka kwenye zizi, na mbwa wote wa Mbodiya wakaanza kubweka.

Sasa mtauliza, alilipwa nini kwa hayo? Alilipwa hivi: Bwana Sithebe, pamoja na kuvua viatu kwake, aliandika kwamba mwanafunzi Majozi ana uwezo lakini hamtii msimamizi, akamrefushia mazoezi kwa nusu mwaka bila malipo. Aliona aibu, na aibu yake akaitua juu ya Bajabulile. Nilitaka kwenda ofisini nikamwambie machache. Bajabulile alinishika mkono. "Acha, Shangazi. Nusu mwaka nayo nitaitumia." Akaitumia. Kila Jumapili alipanda kwenye mikaratusi na mkeka wake, akakaa na Mandlakayise. Ilichukua muda, tena mrefu. Siku Mandlakayise alipoweza kusoma mstari mzima kwenye gazeti la kufungia sabuni, hakufurahi. Aliweka karatasi chini, akauliza, "Kwa nini hawakuniuliza?" Mwanamume mwenye ndevu. Na nyie mnataka mtu asiwe na hasira.

Alipofaulu mtihani wa bodi, milango ilifunguka yote kwa mpigo, kama watu wanaokuja kwenye harusi ambayo hawakuichangia. Mwenzake wa darasani akamwita Durban wafungue ofisi yao, wapime watoto wa matajiri wanaotaka dakika za nyongeza kwenye mitihani. Kwa saa moja angepata randi nyingi kuliko mshahara wa mwalimu wa wiki nzima. Yule mama wa miwani, mtamwamini, akamtaka chuoni akafundishe. Hospitali ikamtaka. Kampuni moja ya migodi nayo ikamwandikia, inatafuta mtaalamu wa kuwapima wafanyakazi wapya na kuwagawia kazi. Barua hiyo aliisoma akiwa amesimama uani. Aliisoma mara mbili. Kisha akaiwashia moto wa kuchemshia maboga.

Akaomba kazi ofisini kwa Sithebe. Watu wakasema ana wazimu. Miaka ilipokwenda, Sithebe akastaafu, akakaa Bajabulile kwenye ile meza. Mafaili hayakupungua. Aliwalazimisha wapimaji wote kwenda nyumbani kwa mtoto kabla ya kufungua begi, wakanuna, wakamwita Mama Mkeka. Wakubwa wakamwita makao makuu kumuuliza kwa nini wilaya yake inachelewesha takwimu. Akawaambia watoto wake si takwimu, wakampa onyo, akalitundika ukutani.

Lethiwe siku hizi anaendesha gari la wagonjwa la serikali. Mtoto yule wa kunong'ona! Anapita hapa na king'ora mpaka ng'ombe wanakimbilia mahindini, na MaZondi, ambaye sasa haoni vizuri, anakaa nje anajisemea, "Huyo ni wa kwangu, mwacheni apayuke."

Mwaka huu Bajabulile anastaafu. Magoti yake yamekwisha kwa kukaa chini. Mwezi uliopita nilikuwa ofisini kwake, amenipeleka kliniki, tukapitia pale achukue koti. Akaingia binti mmoja wa mazoezi, Nomalanga, shahada yake mbichi, kucha zimepakwa rangi ya zambarau, kalamu mkononi.

"Mama, nilitaka ushauri. Nikimaliza, bora nifungue ofisi yangu, au niende chuoni, au hospitali? Wapi kuna maendeleo?"

"Kote kuna maendeleo," Bajabulile akasema. "Hata mimi nina maendeleo, angalia magoti yangu."

Binti akacheka kwa adabu.

Bajabulile akafungua kabati, akatoa lile sanduku la vitofali. Rangi imebanduka, kimoja kina alama ya jino la mtoto. Akaliweka mezani mbele ya binti, na mkeka ukiwa umekunjwa juu yake.

"Shule ya ng'ambo ya mlima waliniambia faili zimefungwa. Miaka yote hii wananiambia hivyo. Juma lililopita amekuja mkuu mpya, amekubali mtu mmoja aingie. Magoti yangu hayapandi tena mlima ule. Utakwenda wewe."

"Nikapime watoto, Mama? Wangapi?"

"Wote. Na wakubwa pia. Saa yako iache hapa kwenye droo. Hizo kucha sina neno nazo, watazipenda. Ukifika, vua viatu, kaa chini, usianze na vitofali." Akamsukumia sanduku mpaka likamgusa tumboni. "Anza kwa kumuuliza kila mmoja, kwa sauti ya chini: siku ile ulipopimwa, kwenu alikuwa amekufa nani?"